Mwinjuma, Mtu wa Mshahara

Habari hizi ni za Mwinjuma, mume wa mjukuu wangu Hidaya. Atakayesema nimetia chumvi aje nyumbani, nitamwonyesha chumvi yangu ilipo, haijapungua hata chembe.

Kijana alitoka Mikese, pale malori yanaposimama kando ya barabara kuu, akaja kubeba magunia kwenye mashine moja ya kukoboa mpunga huko Kihonda. Alikuwa na nguvu za kutisha. Siku moja lililetwa lumbesa kutoka Dakawa, gunia lililoshonewa kilemba juu mpaka likawa refu kuliko mlango. Mwinjuma akalibeba kutoka kwenye lori mpaka stoo, na juu yake akiwa amembeba pia mama mmoja wa kupepeta chenga za mchele, kwa sababu yule mama alikuwa amekalia gunia anakula muwa na hakuna aliyemwambia ashuke. Nyayo za Mwinjuma zikazama uani. Masika yalipokuja zikajaa maji, vyura wakazaliana humo, na mpaka leo watu wa Kihonda wakikosa usingizi kwa kelele za vyura wanamlaani yeye.

Lakini nguvu hazimpi mtu mke kwetu. Huku mlimani, juu ya Bigwa, shamba ni la lukolo, yaani ukoo wa mama. Migomba ya mama, nyumba ya mama, hata jogoo anawika kwa ruhusa ya mama. Mwanamume anakuja na begi. Akikaa vizuri, anakaa. Akikaa vibaya, begi linatangulia kutoka nje na yeye anafuata nyuma. Ndiyo maana binti yangu Maimuna, mama yake Hidaya, washenga walipokuja hakuwauliza kama kijana anaswali. Aliuliza, "Analipwaje?"

Mshenga akakohoa, akatazama dari, akatazama viatu vyake.

"Analipwa kwa mwezi, dada yangu. Ni mtu wa mshahara."

Basi posa ikapita. Maimuna alizunguka mlima mzima na neno hilo, kila kisima, kila msiba: mkwe wangu ni wa mshahara. Kwetu mtu wa mwezi ni mwenzake mwalimu na nesi. Anayelipwa jioni kwa jioni ni kibarua, na kibarua hakuna mama anayempa binti kwa hiari. Leo anayo, kesho hana, na akikosa atageukia migomba yetu.

Kweli yenyewe? Mwinjuma alikuwa kibarua wa kutwa, mbichi kabisa. Kila jioni mwenye mashine, Bosi Deogratias, alikaa kwenye kiti cha plastiki getini, akawapa vibarua chao mmoja mmoja, akasema, "Kesho Mungu akipenda." Mimi nililijua hilo bila kuambiwa na mtu. Nililijua kwa vifurushi. Kila magharibi kijana alipanda mlima na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa uzi wa gunia, kile kifundo chao cha kushonea magunia: dagaa kidogo, unga wa kupima, mafuta ya kula ndani ya kichupa cha soda. Mtu wa mshahara hanunui mafuta kwa kichupa. Hununua dumu, akaliweka mahali ambapo mgeni ataliona.

Nikamwambia Maimuna. Akanijibu bila kugeuka, "Mama, wewe si ndiye uliyemwona chui akiswali kule Lupanga?"

"Na alikuwa akiswali. Tena alielekea kibla."

"Haya. Mwinjuma amesema hiyo ni posho ya nauli. Mshahara wake uko benki, anatunza ya kujengea."

Nikaliacha lipite. Vifurushi vilikuwa vitamu, na mtoto akazaliwa, Shadya, akanenepa kwa hivyo hivyo vifurushi.

Sasa, siku moja ya Jumapili akaja binti wa utafiti, jina lake Winfrida, na kishikwambi chake mkononi, miguu imejaa tope mpaka magotini. Wanataka kujua watu wa huku wanafanya kazi gani na wanalipwa kila baada ya muda gani. Msichana mwenye adabu. Akasema, "Shikamoo bibi, shikamoo mama," halafu akasema utaratibu wao ni kuongea na mhusika peke yake, faragha.

"Faragha na mkwe wangu?" Maimuna akauliza. "Nyuma ya nyumba? Wewe mwanangu umezaliwa wapi?"

"Ni maswali ya kazi tu, mama."

"Kama ni ya kazi yaulizwe hapa. Mimi hata sitatazama."

Na hakutazama. Kwetu mama mkwe hamkazii macho mkwewe wa kiume, wala hawakai mkeka mmoja. Alivuta kigoda, akampa Mwinjuma mgongo kwa heshima kamili, akaanza kumenya ndizi. Ila sikio lake la kushoto, Mungu ananiona, lilitoka kichwani likatambaa begani kama konokono ili lisipitwe na neno.

"Kaka, unalipwa kila baada ya muda gani?" Winfrida akauliza. "Kwa siku, kwa wiki, kwa wiki mbili, kwa mwezi, au kazi ikiisha?"

Kisu cha Maimuna kikasimama.

Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, na mimi na mume wa mjukuu wangu ni watani. Mimi ndiye mke wake mkubwa, Hidaya ni mdogo. Nikamwambia, "Mume wangu, mjibu mgeni. Mwambie ile ya kwenye kiti cha plastiki."

"Bi mkubwa, acha utani."

"Kwa siku, sivyo?" nikasema.

"Kwa mwezi," Mwinjuma akasema, kwa sauti ya kusikika bonde la pili. "Andika kwa mwezi."

Winfrida akamtazama kidogo, akatazama ule mgongo wenye kisu, akabonyeza. Kisu kikaendelea na ndizi.

Kisha akaenda nyumba ya pili, na ya tatu, na ukingo wote wa mlima. Kila uani alikuta mgongo wa mama mkwe. Jioni nilikuwa ndani ya mihogo yangu nikamsikia Mwinjuma njiani na mwenzake Castory, anayebeba magunia pale pale naye ameoa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

"Umesemaje?"

"Mwezi. Wewe?"

"Mwezi, ndugu yangu! Tena nimemwambia na likizo tunapata!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikasema moyoni, chekeni tu.

Miezi ikapita. Tukaitwa mkutano wa kijiji, watu wa utafiti wamerudisha majibu. Wakatundika karatasi ukutani, na juu yake wamechora mduara mkubwa uliokatwa vipande, mfano wa chapati wanayogawana watoto. Mimi kusoma sijui, lakini chapati naijua. Kipande cha bluu kilikuwa kimekula karibu chapati yote. Pembeni kulibaki ukucha mwekundu.

"Mwanangu," nikamwita Winfrida, "hiyo bluu ni nini?"

"Ni wanaolipwa kwa mwezi, bibi. Ndio wengi sana."

"Na hicho chekundu?"

"Wa kutwa."

"Hao wachache hivyo wanakaa wapi? Mbona hatuwaoni?"

Watu wakacheka, bibi ameanza. Yeye hakucheka. Akasema polepole, kama mtu anayeomba radhi kwa kosa ambalo si lake, "Bibi, sisi tunaandika tunachojibiwa." Mama wakwe wote walikuwa wamekaa mbele wamenyoosha shingo. Maimuna aliitazama ile bluu kana kwamba ni picha ya harusi.

Na waajiri walikuwa wamealikwa pia. Bosi Deogratias alikuja na miwani ya jua, akaisogelea chapati, akaitazama juu, akaitazama chini, akaipiga picha kwa simu. Akatabasamu. Mimi tabasamu kama lile niliwahi kuliona kwa paka aliyejua kufungua kabati.

Castory ndiye aliyenihadithia yaliyofuata. Jumatatu jioni kiti cha plastiki hakikutolewa. Bosi Deogratias aliwakusanya vibarua uani, akawainulia simu yake.

"Mnaiona hii? Kwenye vijiji vyenu watu wanalipwa kwa mwezi. Mimi tu ndiye nimebaki mshamba, nawatesa watu kwa hela za kila siku. Nimeona aibu. Kuanzia leo hapa ni mwisho wa mwezi."

Mtu mmoja akasema, "Bosi, sisi tunakula jioni."

"Kwani wenzenu wa kwenye bluu hawali jioni? Au mlimdanganya binti wa watu?"

Nani angejibu? Nusu yao walikuwa bluu. Bosi akaongeza masharti: atakayekosa siku moja kabla ya mwezi kuisha, ya nyuma yote imekufa, anaanza upya. Asiyetaka geti lile pale, na nje kuna vijana wa Kihonda wanaoisubiri nafasi hata kwa pumba.

Jioni ile Mwinjuma alipanda mlima mikono mitupu.

Sasa uone mtego ulivyo. Mtu mwingine angeingia ndani akasema, jamani, kazini wamebadilisha, tuvumilie mpaka mwisho wa mwezi. Yeye angesemaje? Kwa nyumba ile mwisho wa mwezi ndio ulikuwa siku zote! Kimebadilika nini? Mshahara ule ule, mkwe yule yule, dagaa wako wapi?

Wiki ya kwanza Maimuna alinyamaza. Wiki ya pili akaanza kusema na sufuria. "Sufuria yangu, umezoea vibaya wewe, ulizoea harufu za mjini." Tukala ndizi na magimbi, magimbi na ndizi. Hidaya ananyonyesha, maziwa yakawa mepesi, Shadya akawa analia mpaka popo wakahama paa letu. Wiki ya tatu Maimuna akapata jibu lake.

"Kuna mwanamke," akamwambia Hidaya. "Mshahara hauwezi kupotea njiani. Umeota mdomo mwingine huko bondeni, ndio unaokula hao dagaa."

Mwinjuma akakonda. Ukibeba magunia kwa gimbi la asubuhi lazima ukonde. Mkanda wa suruali aliuzungusha mara mbili, na siku moja upepo wa Lupanga ulipovuma nilimwona ameshika mgomba ili asichukuliwe. Nikamfuata huko kwenye mgomba.

"Mume wangu, sema. Sema wewe ni kibarua uliyegeuzwa. Watakucheka, kisha watachoka kucheka."

"Bi mkubwa, nikisema leo, posa ilikuwa uongo, benki ilikuwa uongo, na yale majibu ya yule dada yalikuwa uongo. Mama ametangaza mlima mzima. Atauweka wapi uso?"

"Na wewe utaliweka wapi tumbo?"

Akacheka kwa meno tu. "Nimebakiza siku chache. Jumamosi Bosi anatoa hela. Nitapanda hapa na fungu zima, nitampa mama mkononi, pesa za mwezi kweli kweli. Unaona? Nikifika Jumamosi, uongo wote unakufa wenyewe. Nitakuwa mtu wa mshahara, hata yule mshenga atakuwa alisema kweli."

Na hesabu yake ilikuwa sawa. Alikuwa na kazi moja tu, kufika Jumamosi bila kukosa siku.

Maimuna akaita kikao, kikae Alhamisi.

Mjomba wa lukolo, mwenye kuamua mambo ya ukoo, kwetu ni mwanangu Abdulswamad, analima mpunga Dakawa, na maji ya mfereji yalikuwa zamu yake Ijumaa. Kwa hiyo alikuwa na Alhamisi asubuhi, basi. Mwinjuma akamtuma Hidaya kwa mama yake: kikao kisogezwe Jumapili, tafadhali, atapiga magoti akitakiwa.

"Jumapili kwa nini?" Maimuna akasema. "Ili Jumamosi mshahara ufike kwanza kwa huyo mwanamke wake? Akiwa mwanamume aje Alhamisi. Asipokuja, begi atalikuta njiani."

Alfajiri ya Alhamisi nilimwona Mwinjuma amesimama kwenye njia ya kushukia mjini. Akapiga hatua, akarudi. Akapiga nyingine, akarudi. Ile sehemu ya njia mpaka leo haioti nyasi. Mwishowe akakaa kizingitini kusubiri kikao.

Abdulswamad hakuzunguka.

"Mkwe, tumesikia una nyumba nyingine. Hatukukatazi, dini inaruhusu, lakini hapa kuna mtoto mchanga na chungu hakina kitu. Mwanamke ni nani?"

 Nyuma ya uzio nilisikia mtu akivuta pumzi, maana majirani walikuwa wamekuja kuomba moto, wote kwa pamoja.

Nikasema mimi. "Hana mwanamke huyu. Hana hata nguvu ya kuwa naye. Huyu ni kibarua wa kutwa, alikuwa kibarua tangu siku ya posa, na wale dagaa ndio ulikuwa ujira wenyewe. Sasa bosi wake ameangalia ile chapati ya ukutani akawageuza wote wa mwezi. Jumamosi ndiyo wanalipwa, na kwa kukaa kwake hapa sasa hivi hela zote zinakufa. Mwacheni akimbie."

Kwanza walinitazama. Kisha Abdulswamad akaanza kutikisika mabega, Maimuna akaziba mdomo kwa kanga, na kule nyuma ya uzio wakaangua kicheko kabisa.

"Mama na chui wake!" Abdulswamad akafuta machozi. "Bosi ameangalia chapati! Ya kusukuma au ya maji, mama?"

Hidaya peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi pembeni, Shadya yuko kifuani anavuta kisichokuwepo. Akasema taratibu, "Mwinjuma. Ni kweli anavyosema bibi? Sema tu. Mimi sitajali."

Mwanangu Abdulswamad naye akakaza uso. "Haya, umeulizwa mbele ya watu. Wewe ni kibarua?"

Mwinjuma alimtazama Hidaya. Halafu akautazama mgongo wa Maimuna, maana hata siku ile alikuwa amempa mgongo wa heshima, umenyooka kama ubao, mgongo wa mama mwenye mkwe wa mshahara. Akautazama na uzio.

"Bibi anatania," akasema. "Mnamjua. Mwanamke yupo. Yuko Mikese."

Hidaya akainuka akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na begi. Hakulitupa. Alilishusha miguuni pa mumewe kama mtu anayeshusha chungu cha moto, akarudi ndani.

Kijana alishuka mlima mbio, begi linampiga mgongoni, akafika Kihonda mashine imeshapumzika kwa chakula cha mchana. Bosi Deogratias alikuwa getini. Alimwangalia kwa huruma nyingi, Castory anasema, huruma ya mtu anayenunua kitu bei ya chini.

"Umechelewa, mtu wangu. Si mbaya. Jumatatu unaanza mwezi wako vizuri."

Castory yeye alilipwa Jumamosi. Alipanda na fungu, mama mkwe wake akalipokea kwa mikono miwili, na kabla mwezi wa pili haujafika katikati walikuwa wamekopa mpaka moto. Lakini hiyo ni nyumba yao.

Mimi sikutulia. Baada ya Idi nilishuka, nikafika Mikese kumtazama huyo mwanamke wa watu. Nilimkuta Mwinjuma chini ya lori la mahindi, analipwa kwa lori, likiondoka anapewa chake, lisipokuja halali na kitu. Mwanamke nilimtafuta. Alikuwepo mama mzazi wa Mwinjuma tu, kipofu, anauliza ni nani.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mume wangu. Huyo mke mwenzangu mmemficha wapi?"

Akacheka, na safari hii yalikuwa meno machache zaidi.

"Kwa nini ulisema vile?" nikamuuliza. "Nilikuwa nimeshakufungulia mlango."

"Mwanamke watanisamehe siku moja, bi mkubwa. Kibarua wasingenisamehe."

Nilicheka mpaka dereva mmoja akashuka kuuliza kama bibi anaumwa. Kijana akaenda nyuma ya lori, akarudi na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa uzi wa gunia, kile kile kifundo chao.

"Cha Shadya. Usiseme kimetoka kwangu."

Mimi siombwi mambo kama hayo. Nilifika nyumbani jua linazama, nikakiweka mkekani, nikasema, "Dagaa hawa ametuma Mwinjuma. Yuko Mikese, anapakia malori, hana mwanamke wala kuku."

"Na chui hajambo?" Maimuna akauliza. Wakacheka, yeye na majirani waliokuja kuomba moto.

Hidaya alikivuta kifurushi kwake. Alikifungua kile kifundo polepole, hakukikata, akauzungusha uzi kwenye kidole chake mpaka ncha ikawa nyeupe.  Akaweka sufuria jikoni.

Tulikula vizuri siku ile. Maimuna alifyonza vichwa vya dagaa kimoja kimoja, akalamba vidole, akatikisa kichwa.

"Mwanamume ana mshahara wake wa mwezi," akasema, "anashindwa hata kumletea mtoto wake dagaa kama hawa. Mwenyezi Mungu amnyime!"

"Amina," wakasema majirani.

Nikamwambia anisogezee sahani.